UZI: "Umejuaje?" Kwa walimu na wazazi wa watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili

mwalimu wa Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli.

Nafundisha madarasa ya juu, shule ya msingi, hapa Kigoma mjini. Humu jukwaani haipiti wiki bila lawama kwamba wahitimu wetu wanakariri, hawachambui. Wengi wanaolalamika wanaanza kutafuta tatizo chuo kikuu. Kwa maoni yangu huko tumeshachelewa. Mtoto wa miaka 11 hadi 14 ndiye anayeanza kuona kwamba watu wazima wawili wanaweza kumweleza jambo moja kwa namna mbili tofauti, na kila mmoja akaapa kwamba yeye ndiye mkweli. Asipofundishwa wakati huo kupima nani ana ushahidi, atamfuata mwenye sauti kubwa, na atazoea.

Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea. Fikra tunduizi, yaani kupima dai kwa ushahidi kabla ya kulikubali, hazihitaji kipindi chake kwenye ratiba. Zinahitaji swali "Umejuaje?" liulizwe kila siku ndani ya Historia, Sayansi, Hisabati na Kiswahili, na liulizwe juu ya mambo ambayo mtoto tayari anayajua. Hakuna anayechambua asichokijua. Mpe mtoto wa Kibirizi, huku kwetu kwa wavuvi, fumbo la kwenye karatasi lisilomhusu, atanyamaza. Muulize kwa nini baba yake haendi ziwani mwezi ukiwa mpevu, utapata mhadhara.

Nianze na Ujiji, maana iko mlangoni kwetu. Kila mtoto hapa anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji, akavua kofia na kusema, "Dr. Livingstone, I presume?" (bila shaka wewe ni Dk. Livingstone?) Wengi wameshapelekwa kwenye ule mnara kwa safari ya shule. Wanaandikiwa ubaoni, wananakili, wanajibu mtihani, basi.

Mimi nawauliza: nani aliyesikia maneno hayo?

Wanajibu kwamba alisikia Livingstone. Aliandika wapi? Kimya. Ndipo nawapa habari iliyobaki. Aliyetuletea maneno hayo ni Stanley mwenyewe, naye alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa na mwenye gazeti arudi na habari ya kuuza. Katika shajara ya Stanley, kurasa za siku ile zimechanwa. Livingstone aliandika habari za kukutana kwao, lakini maneno hayo hakuyataja. Hata tarehe hazipatani: kitabu cha Stanley kinasema 10 Novemba, shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walishaugua njiani kwa muda mrefu, na mgonjwa hupoteza hesabu ya siku.

Hapo darasa linachemka. Wapo wanaosema Stanley alitunga, wapo wanaosema kuchanika kwa karatasi hakuthibitishi kitu, labda aliichana kwa sababu nyingine kabisa. Nawaacha. Kazi yangu ni kumrudisha kila mmoja kwenye swali: hicho unachosema umekiona kwenye ushahidi, au unakikisia? Kukisia kunaruhusiwa, ila uniambie kwamba unakisia.

Kuna swali aliwahi kuniuliza binti mmoja wa darasa la sita ambalo sijaacha kulitumia tangu siku hiyo. Kwenye kitabu cha Stanley mwenyewe, aliyetoka mbio kumpokea nje ya mji ni Susi, mtumishi wa Livingstone, na baadaye akaja Chuma. Watu wa Ujiji walikuwa wamejaa pale. Binti akauliza: mbona tunasoma Stanley alivyosema, na Susi alivyosema hatusomi? Watoto wa umri huo wakifika hapo wenyewe, wameshaelewa chanzo cha historia kuliko ningewaandikia ukurasa mzima wa maana ya "vyanzo". Wanaona kwamba aliyeshika kalamu ndiye tunayemsikia, na kwamba kuna watu waliokuwepo tusiowasikia.

Habari ya pili ni ziwa, nayo ndiyo inayonigusa zaidi kwa sababu ni tumbo la watoto hawa.

Nawauliza: samaki wamepungua, dagaa na migebuka, kwa nini? Majibu yanamiminika. Wavuvi wamekuwa wengi. Nyavu za macho madogo. Watu wa ng'ambo. Mungu kakasirika. Maji yamepata joto. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana, kwa hiyo watoto wanakumbuka mezani kulikuwaje. Hawaongei nadharia.

Kila kundi linachagua sababu moja na kujibu maswali mawili. La kwanza: kama sababu yako ni ya kweli, tutegemee kuona nini? La pili, ambalo ndilo gumu na ndilo lenye faida: kama si ya kweli, tutaona nini? Kundi la "wavuvi wengi" linasema, basi samaki walianza kupungua wavuvi walipoongezeka, na tukipumzisha ziwa watarudi. Kundi la "joto" linasema, basi walianza kupungua hata mahali ambapo uvuvi ni mdogo.

Baada ya hapo ndipo nawaambia watafiti wamepata nini, kwa maneno mepesi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu ya yale baridi. Upepo unashindwa kuyachanganya kama zamani. Virutubisho vinabaki chini, mwani unapungua juu, wadudu wadogo wanaokula mwani wanapungua, na dagaa anayekula wadudu hao naye anapungua. Watafiti hao walikadiria kwamba hilo peke yake linaweza kuwa limepunguza samaki kwa kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichunguza tope la chini ya ziwa, ambalo linahifadhi mabaki ya viumbe tabaka kwa tabaka, wakaona kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Watoto wasichukue hilo kwa imani, tunalijaribu. Chupa mbili za maji zilizokatwa, maji ya moto yaliyotiwa rangi na maji ya baridi yasiyo na rangi. Unamimina yale ya moto taratibu juu ya yale ya baridi. Rangi inakaa juu. Unapuliza juu yake kama upepo, haichanganyiki kirahisi. Ukirudia kwa maji yote ya baridi, rangi inasambaa chupa nzima. Gharama yake haizidi chai ya asubuhi.

Halafu anatokea mtoto kuuliza, kwa hiyo wavuvi hawana kosa? Hilo ndilo swali ninalolisubiri. Jambo moja kuwa kweli halilifanyi lingine kuwa uongo. Kama joto limeshapunguza samaki, je, kuvua kwa nyavu ndogo kunakuwa na madhara kidogo au makubwa zaidi? Wafikirie. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa afisa uvuvi wanakaa dawati moja na wanabishana bila kutukanana, kwa sababu kila mmoja anajua ataulizwa "umejuaje".

Mwisho wa sehemu yangu ya kwanza, jambo dogo kwa walimu wenzangu. Ukiuliza swali, nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima katika miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, yakawa na sababu, na watoto ambao kwa kawaida hawanyanyui mkono wakaanza kunyanyua. Sekunde tatu mbele ya darasa la watoto themanini ni ndefu sana. Vumilia.

Karibuni tujadili.

mstaafu wa Tabora

Mwalimu, nimesoma yote. Mimi nimestaafu, nipo Tabora mjini, na nafurahi kuona vijana bado mna moto.

Niongeze kwamba unachosema kiliandikwa zamani. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka mambo matatu kwa mtoto wa Tanzania: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kuyakataa au kuyarekebisha wanayofanya ili yatufae sisi, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Mwalimu Nyerere hakuyasema hayo akiwa ofisini tu. Alisoma hapa Tabora School, na baada ya Makerere akarudi mji huu huu kufundisha St. Mary's. Alijua ubao na chaki.

Watu wakasoma lile la jembe na shamba la shule, wakalisahau hili la udadisi. Shamba linaonekana kwa mkaguzi, udadisi hauonekani. Na mtihani wa darasa la saba haukuuliza "umejuaje", uliuliza "lipi ni jibu sahihi".

Naomba uangalie jambo moja tu. Katika miaka yangu nimeona walimu waliowaachia watoto wabishe ikawa vurugu, kila mmoja anasema "kwa maoni yangu" na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Maoni bila ushahidi nayo ni kukariri. Mtoto anakariri maoni yake mwenyewe.

mwalimu wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Sentensi yako ya mwisho nitaibandika ofisini.

Ninachofanya kuzuia vurugu: huruhusiwi kujibu hoja ya mwenzako mpaka uirudie kwa maneno yako, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni inachukua muda mwingi na inachosha. Baadaye nusu ya ugomvi inaisha hapo hapo, kwa sababu wanagundua walikuwa wanabishana na jambo ambalo hakuna aliyelisema.

ticha wa sekondari, Kasulu

Nisamehe mleta uzi, lakini nikuulize kama mtu aliye darasani. Nina kidato cha kwanza. Mkondo mmoja ni zaidi ya watoto mia. Wametoka msingi wakijifunza kwa Kiswahili, Januari nawaambia "discuss". Nikiuliza "why" wananitazama. Sina ubishi kwamba wana akili. Lugha ya kuitoa hiyo akili ndiyo hawana. Na mtaala ulioanza Januari 2024 unataka umahiri, mwanafunzi atende, achambue, lakini vitabu na nafasi viko vile vile. Mkuu wa shule anataka mada ziishe kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Hizo sekunde tatu nitazipata wapi?

mwalimu wa Mwanga

Ticha, hukukosea kitu. Sitakuambia kwamba watoto mia ni sawa na watoto arobaini.

Kwenye lugha nina msimamo. Mtoto akikosa maneno, usidhani amekosa wazo. Wape dakika tano wabishane kwa Kiswahili, au kwa Kiha wakiwa wawili wawili, halafu jibu moja tu liandikwe kwa Kiingereza, na mwanzo wa sentensi uwe ubaoni: "I think ... because ...", "The evidence is ...", "I disagree because ...". Wanachojifunza ni kumalizia sentensi ambayo tayari wana wazo lake. Lugha itakuja ikifuata wazo. Ukisubiri lugha ije kwanza, wengine watamaliza kidato cha nne bila kusema neno.

Kuhusu mada kutokuisha: usiongeze kipindi, badilisha swali. Swali la "Taja sababu tatu za mmomonyoko wa udongo" ligeuze: "Sababu ipi kati ya hizi tatu ndiyo kubwa kijijini kwenu, na umejuaje?" Mada ni ile ile, maelezo ni yale yale, muda unaoongezeka ni dakika chache. Kwa daftari mia, sahihisha sehemu ya "umejuaje" peke yake, ya safu moja leo, nyingine wiki ijayo.

mama wa Kasulu

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba nieleweke vizuri. Sitaki mtoto wangu afike nyumbani amuulize babu yake "umejuaje" mbele ya wageni. Kwetu mtoto anapokea ushauri wa mkubwa.

Lakini nina hofu nyingine inayonivuta upande wenu. Kijana wangu yuko darasa la saba. Simu yangu akiishika anasoma kila kitu na kuamini. Juzi kaniletea ujumbe wa majani yanayotibu kisukari, kisa aliyeandika kasema mjomba wake alipona. Nikamwambia ni uongo, akaniuliza, mama umejuaje? Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "najua tu".

mwalimu wa Mwanga

Dada, ahsante sana. Umeleta mambo mawili na yote ni ya kweli.

La heshima: namna ya kuuliza inafundishwa pamoja na swali lenyewe. Darasani kwangu hatuanzi na "umejuaje" tukiongea na mkubwa. Tunasema, "Shikamoo babu, naomba unieleze ilikuwaje mpaka ikajulikana hivyo." Na watoto wanarudi na mambo mazito. Mzee ambaye amevua miaka yote hiyo ukimuuliza kwa adabu alivyojua upepo wa kusini unakuja, atakuonyesha dalili moja baada ya nyingine. Huyo mzee ana ushahidi. Hajawahi kuulizwa tu.

La dawa: kuna jambo lilifanyika kwa jirani zetu Uganda ambalo natamani kila mwalimu wa Tanzania alijue. Mwaka 2016 watafiti wa Makerere pamoja na wenzao wa Norway walichukua shule za msingi 120 za Uganda ya kati, zikagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walifundisha watoto wa miaka 10 hadi 12, kwa muhula mmoja, jinsi ya kupima madai ya tiba, kwa kitabu chenye hadithi ya picha. Nusu nyingine waliendelea na masomo kama kawaida. Kisha zaidi ya watoto 10,000 wakafanya jaribio moja. Waliofundishwa, asilimia 69 walifaulu. Wasiofundishwa, asilimia 27. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2017, na walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja waliofundishwa walikuwa bado mbele. Madarasa yalikuwa makubwa kama yetu, na walimu ni wa kawaida kama sisi.

Wanachofundishwa kinaeleweka. Mtu mmoja kupona hakuthibitishi dawa, kwa sababu labda angepona hata bila dawa, au alikuwa anatumia na ya hospitali. Dawa kuwa ya zamani au ya asili hakuifanyi iwe salama, na kuwa mpya au ya bei kubwa hakuifanyi iwe bora. Ili kujua, unalinganisha makundi mawili yanayofanana, moja limepewa, lingine halijapewa.

Kwa hiyo kijana wako mjibu hivi: "Mjomba wake alipona, sawa. Na wangapi walikunywa wasipone? Hao nani ameandika habari zao?" Kisukari pia usimfiche: mtu akiacha dawa ya hospitali kwa sababu ya ujumbe wa simu, anaweza kufa.

Na usidhani ni watoto wetu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwaka 2016 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa umri huu huu huko Marekani waliona tangazo la kulipiwa, lenye maandishi yanayosema limelipiwa, wakadhani ni habari. Kuzaliwa na simu mkononi hakumpi mtoto macho ya kuisoma.

mama wa Kasulu

Hilo la "wangapi hawakupona" nimelichukua. Ubarikiwe mwalimu.

kijana wa Gombe

Naomba nitie neno. Mimi huwa naongoza wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe. Watoto wa shule wakija nawapa karatasi yenye safu mbili: "Nilichoona" na "Ninachofikiri". Sokwe akinyoosha mkono, wengi wanaandika "anaomba chakula" kwenye safu ya kwanza. Nawaambia hapana, ulichoona ni mkono. Kuomba ni mawazo yako, kuandike safu ya pili, kisha endelea kutazama.

Jane Goodall, yule mtafiti maarufu wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960 bila shahada ya chuo. Mwaka huo huo alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichambua majani kwenye kijiti na kukiingiza kwenye kichuguu kuvua mchwa, wakati wataalamu walikuwa wanasema mwanadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Alikaa, akatazama, akaandika. Nawaambia watoto hata yeye aliulizwa maswali. Miaka ya 1960 sokwe walikuwa wanapewa ndizi kambini ili wasogee karibu, na baadaye wanasayansi wengine wakahoji kama ugomvi uliotokea haukuchochewa na ndizi hizo. Mwaka 2014 wakalinganisha sokwe wa maeneo mengi Afrika, na matokeo yakaonyesha kwamba mauaji kati yao hayakutokana na kuingiliwa na watu. Lakini swali lilikuwa halali, na lilijibiwa kwa kwenda kuhesabu.

mwalimu wa Mwanga

Mkuu, hizo safu mbili nazihamishia darasani. Hatuna sokwe uani, ila kunguru wapo na mchwa wapo.

ticha wa sekondari, Kasulu

Sawa, mmenisogeza kidogo. Nipe kitu kimoja cha Jumatatu. Watoto mia, ubao, chaki, hakuna kingine. Kisichozidi robo saa.

mwalimu wa Mwanga

Andika ubaoni 2, 4, 6. Waambie namba hizi zimefuata kanuni uliyoiandika kwenye karatasi na kuikunja mfukoni. Kazi yao ni kuitafuta. Kila dawati linapendekeza namba tatu, wewe unajibu tu "zinafuata" au "hazifuati".

Utasikia 8, 10, 12. Zinafuata. 20, 22, 24. Zinafuata. 100, 102, 104. Zinafuata. Watapiga makofi na kusema kanuni ni kuongeza mbili. Waambie siyo. Watashangaa kabisa. Kanuni iliyo mfukoni ni "kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia", hata 1, 7, 50 zinafuata. Mwanasaikolojia Peter Wason aliwafanyia hili wanafunzi wa chuo kikuu London akalichapisha mwaka 1960, na wengi wao walifanya kama watakavyofanya watoto wako: walijaribu zile tu walizotarajia zikubaliwe.

Usiwatolee karatasi mfukoni mapema. Waambie sasa kila dawati lilete namba tatu ambazo kwa imani yao zitakataliwa. Mtu ataleta 6, 4, 2, mwingine 5, 5, 5, mwingine 1, 2, 3 akitegemea useme hapana, nawe utasema zinafuata. Hiyo 1, 2, 3 ikitoka, simama hapo. Muulize aliyeileta amejifunza nini ambacho zile za kwanza zote hazikumfundisha. Na hesabu mpaka tatu kabla hujamsaidia kujibu.